Maestro Aliyeacha Bugali

Ukimwita Maestro kwa nyuma, jiandae kusubiri. Hakugeuza shingo kama watu wengine. Aligeuka mzima: miguu kwanza, kisha kiuno, kisha mabega, kama kabati linalohamishwa na wanaume wawili wanaogombana, na mpaka uso wake ukufikie ulikuwa umeshasahau ulichomwitia. Watoto wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, walifanya jambo hilo mchezo. Mmoja anamwita upande wa kushoto, mwingine upande wa kulia, na siku moja nilimwona akizungushwa hivyo kwa muda mrefu mpaka nikadhani atachimba kisima pale aliposimama. Hakukasirika. Alisema tu, "Muniite polepole, batoto bangu. Hii gari haina usukani, inageuka na shasi yote."

Kwetu sisi wanakwaya ugonjwa ule wa mgongo na shingo ulikuwa hatari. Mwalimu mwingine wa kwaya, ukikosea sauti, anakutupia jicho la pembeni, nawe unaweza kujifanya hukuliona. Maestro hakuwa na jicho la pembeni. Akitaka kukuangalia, mwili wote unakuja, na kanisa zima, pamoja na wageni na watoto wachanga, linajua ni nani ameharibu wimbo. Mimi naimba alto. Aliniita Mama Alto sokoni, kisimani na msibani, mpaka leo wapo watu wanaoamini kwamba nilibatizwa hivyo.

Ukimuuliza habari za ukoo wake alikupa mgongo. Nasema kweli, alikugeuzia mgongo na kusema, "Ukoo wangu? Soma hapo." Baba yake, kule Fizi, Kongo, alitembea ameinama kiasi kwamba majirani walimuuliza kila asubuhi kama ameshaiona ile sindano iliyopotea. Baba mdogo wake alikuwa vilevile. Watu wakasema ni laana ya nyumba ile. Maestro mwenyewe alipoanza, akiwa bado kijana, kuamka amekaza kama ubao, wakasema, basi, laana imehamia kwa huyu. Yeye hakukubali, na hoja yake sijawahi kusikia mtu akiijibu.

"Laana haijue saa," alisema. "Hii kitu inajua saa. Asubuhi inanikaza. Nikitembea-tembea mpaka jua kupanda, inaniachilia. Nikilala muchana, inanikaza tena. Laana gani inachukia bavivu?"

Sasa, mimi nilimaliza sekondari kwa masomo ya jioni, katika umri ambao wenzangu wanapokea mahari za binti zao, na biolojia niliipenda kuliko nilivyompenda mume wangu mwaka wa kwanza. Kwa hiyo ni mimi niliyemweleza kwamba kuna magonjwa ambayo mwili unajichoma wenyewe bila adui yeyote kuingia. Askari wa ndani, waliowekwa kulinda, wanaanza kuipiga nyumba yao. Na mengine ya namna hiyo, nikamwambia, hupita kwenye damu, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Alinisikiliza kwa mwili wote, maana hakuwa na namna nyingine. Kisha akauliza:

"Na hao askari, Mama Alto, banakula nini?"

"Nani?"

"Hao askari ba ndani. Mi kila askari nilimujua kule kwetu, ukimunyima chakula, anatoka kwa barabara anaenda."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshaanza kufikiri, na Maestro akianza kufikiri jambo, hata mvua ilisubiri.

Kilichomtia kwenye utafiti ni kanisa lenyewe. Pasta alitangaza siku tatu za kufunga kwa ajili ya mgongo wake, maji tu, na kwaya nzima tukaingia. Nilikonda kiasi kwamba kitenge kilinizunguka mara tatu, na hapo ilikuwa bado siku ya kwanza, saa nne asubuhi. Siku ya tatu Maestro aliamka bila kushika ukuta. Tulikuwa na kipimo chetu cha hali yake: alisimama visigino na mgongo vikigusa ukuta wa kanisa, na kwa kuwa kichwa chake hakikuweza kurudi nyuma kufika ukutani, tulipachika vitabu vya nyimbo kwenye nafasi iliyobaki kisogoni. Siku za kawaida viliingia viwili vinene vya Kiswahili. Siku mbaya tuliongeza kile chembamba cha Kichewa. Siku ile ya tatu, cha pili kilikwama nusu, na cha Kichewa hakikupata hata mahali pa kuchungulia. Tulipiga vigelegele mpaka kanisa la jirani likatuma mtu kuuliza ni nani anaolewa.

Jumapili akatoa ushuhuda. Baada ya ushuhuda tukala, na sisi watu wa Kivu hatufungui mfungo kwa chai. Bugali ulikuwa mlima. Nadhani watu wa mjini Dowa Boma waliuona kutoka kwao. Maestro alikula kama mtu aliyeponywa.

Jumatatu asubuhi viliingia vitabu vyote vitatu.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama. "Bandugu, mi niko na swali. Ile mgongo ilifunguka ju ya maombi, ao ju ya kukosa bugali?"

Pasta akasema, "Maestro, kaa chini."

"Pasta, kukaa haraka siwezi. Imerudi."

Mwingine angeishia hapo. Maestro alikwenda nyumbani akapanga jaribio. Kwanza aliomba kwa bidii huku akila bugali kama kawaida. Mgongo haukubadilika. Kisha akafunga bila kuomba. "Hapo niliogopa kidogo," aliniambia. "Nikaomba, lakini ruhusa tu." Mgongo ukalegea. Akayapeleka majibu kwa Pasta mwenyewe, kwa heshima, kofia mkononi. Pasta, ambaye ni mtu mzima na ameona mengi, alikuna kidevu, akasema Mungu anaweza kutumia hata sahani tupu. "Amina," Maestro akajibu. "Basi anisaidie kuiacha."

Akaacha bugali.

Msomaji ambaye hajaishi Dzaleka huenda asione ukubwa wa jambo hilo. Wamalawi wanasema nsima, sisi tunasema bugali, Warundi na Wanyarwanda wana majina yao, lakini wote tumekubaliana kwamba asiyeula siku hiyo hakula kitu. Unga ndio mgao wetu, ndio akiba yetu, ndio salamu yetu kwa mgeni. Maestro alichukua unga wake akabadilishana na majirani: maboga, maharagi, majani ya maboga, lengalenga, yaani mchicha, na usipa, wale samaki wadogo wakavu wa ziwa la hapa. Alimnusa usipa wa kwanza kwa muda mrefu. "Haiko ndagala yetu," akaamua, "lakini ni binamu."

Shida haikuwa tumbo lake. Shida ilikuwa sisi. Kwetu Kivu, ukikataa chakula cha mwenye nyumba hukukataa chakula. Umesema, bila kufungua mdomo, kwamba unaogopa sumu. Nilipofaulu mtihani wangu wa mwisho nilipika, jamani, sitasema nilipika nini kwa sababu mtanidai, na Maestro akaja, akakaa, akala mboga, akala samaki, na bugali wangu akauacha pale kama mgeni asiyesalimiwa. Mume wangu aliweka tonge chini.

"Maestro, unafikiri Mama Alto amekuwekea kitu?"

"Hapana, Papa. Simuogope mupishi. Naogopa bugali yenyewe."

"Bugali ilikukosea nini?"

"Sijajua bado. Njo naitafuta."

"Basi itafute kwako. Hapa tunakula."

Maestro akatuangalia, kwanza mume wangu, kisha mimi, na kila mmoja alimgharimu safari nzima ya mwili. Halafu akamega tonge kubwa kama ngumi, akachovya, akala, akalamba vidole vyote vitano. Tukapumua. Kesho yake asubuhi nikasikia sauti uani: "Mama Alto, kuya uone tonge lako." Nikatoka. Alikuwa amesimama kwenye ukuta wangu na vitabu vyote vya nyimbo chini ya kwapa, tayari kupimwa. Tangu siku hiyo niliwatangazia majirani kwamba nyumbani kwangu Maestro hapewi bugali, na ambaye ana neno aje kwangu.

Alikuwa na sheria moja, na aliirudia kuliko Amri Kumi: kitu kimoja kwa wakati. Ukijaribu mambo mawili pamoja, alisema, yakienda vizuri hutajua umshukuru nani, yakienda vibaya hutajua umpige nani. Kwa hiyo manjano yalikuwa na majira yake. Aliyatwanga, akayachanganya na pilipili manga, akayala kwa uji wa maboga, na vidole vyake vikawa vya rangi ile mpaka leo kuna alama ya dole gumba la njano kwenye kila ukurasa wa kitabu changu cha nyimbo. Tangawizi ilikuwa na majira yake. Unga wa majani ya mlonge ulikuwa na majira yake. Hata jua. Kila asubuhi aliketi nje bila shati, mgongo umeelekezwa mashariki, na wapita njia wakazoea kusalimia mgongo: "Umeamukaje, Maestro?" Na mgongo ukajibu, "Tunajaribu."

Kuhusu sukari, alikuwa muongo mtakatifu. Chai yake kijiko kilisimama chenyewe. Nilipomwambia kwamba vitabu vyangu vinailaumu sukari, alisema sukari bado haijafikiwa. Kitu kimoja kwa wakati. Itafikiwa. Miaka ikapita, manjano yakaja yakaenda, mlonge ukaota nyuma ya choo ukawa mti mkubwa, na sukari ilikuwa bado kwenye foleni.

Lakini kwenye viazi vitamu nilimshinda. Alikuwa anavila kwa furaha kubwa, akidhani ameukimbia bugali. Nikamwambia, "Maestro, hicho ni wanga vilevile, kimevaa koti tu."

"Kitabu chako inajua wanga. Mgongo wangu inajua viazi."

"Jaribu basi."

Akajaribu, kwa sababu hakuwa mtu wa kukataa jaribio. Aliacha viazi, akapimwa. Akarudia viazi, akapimwa. Kisha akaja mazoezini, akasimama mbele ya kwaya nzima, akasema, "Mama Alto ameshinda. Muimbe." Sijawahi kupata cheti kizuri kuliko kile, na ninacho kimoja chenye muhuri.

Mwingine aliyeshindana naye ni muuza makopo wa Mchesi, kule Lilongwe, mwanaume mwenye tai na sauti ya mhubiri. Makopo yake yalikuwa na poda ya kijani, na picha ya mzee anayeruka juu ya maji. Nilikuwa na Maestro siku aliyomuuliza inatibu nini.

"Yote, baba. Sukari, presha, mgongo, hata ndoa."

"Yote?"

"Yote."

"Hapana, mersi," Maestro akasema. "Kitu inayotibu bote, haimujue mutu."

Tukaondoka. Nilijivuna siku ile kana kwamba nimelisema mimi.

Kumbe makopo yale yangekuja kuingia nyumbani kwake. Nifike kwa Noela.

Mke wa Maestro alikuwa amekwisha tangulia, na Noela ndiye mtoto aliyebaki naye: fundi wa cherehani, soprano wetu wa kwanza, msichana mwenye sauti ambayo ikipanda, bati za kanisa zinaomba msamaha. Wanawake wetu wanafua wamesimama, miguu imenyooka, wamekunjika kiunoni tu mpaka mikono inafika kwenye beseni. Noela alifua hivyo akiimba. Na baba yake, kwa kuwa alikuwa mtu wa masikio kuliko macho, alijua kabla ya kuona. Wimbo ulianza kukatika. Kila binti alipoinama, noti ilivunjika katikati, kisha ikaendelea alipoinuka. Baada ya muda hakuinama tena. Alifua ameketi juu ya tofali. Maestro alimuuliza tangu lini anafua amekaa. Noela akasema amechoka tu. Akamuuliza asubuhi inakuwaje. Noela akaendelea kufua.

Yule Maestro wa kitu kimoja kwa wakati alikufa siku hiyo hiyo. Alimwachisha binti bugali, viazi, mkate na wali, vyote kwa pamoja. Akampa manjano asubuhi, tangawizi mchana, mlonge jioni, usipa kila mara. Akaenda Mchesi peke yake, akarudi na makopo ya yule mwenye tai. Nilipoyaona kwenye rafu, yamepangwa kama wanakwaya, niliketi.

"Maestro, kitu kimoja kwa wakati imeenda wapi?"

"Mi nilikuwa nayo wakati, Mama Alto. Yeye hana."

"Mpeleke hospitali."

"Mi nilienda. Nilikuwa kijana kama yeye. Baliniambia nipumuzike. Nikapumuzika mwaka muzima, nikaamuka niko ubao. Hapana. Hii mgongo naijua kuliko bo. Nitaichunga mwenyewe."

Noela alitii. Alikula alichopewa, akakonda, na safari hii sitanii kuhusu kitenge. Mashavu yake yaliingia ndani. Nilimletea chapati kwa siri, akazikataa. "Papa anahangaika, Mama," aliniambia. "Nikikula, atanisikia tu," akagusa sikio. Asubuhi alishuka kitandani kwa kujiviringisha upande, kama gunia, kisha akakaa kwanza kabla ya kusimama. Baba alimsikia akishuka hivyo kupitia ukuta wa matofali mabichi, na kila asubuhi aliongeza kitu kingine kwenye kikombe.

Halafu jicho la kushoto la Noela likawa jekundu. Si jekundu la vumbi. Lilikuwa kama pilipili, mwanga ulimchoma, na alisema anatuona kama tuko nyuma ya moshi. Nilijiandaa kugombana na Maestro siku nzima. Wala hakungoja sentensi yangu ya kwanza iishe.

"Jicho haiko mgongo," akasema, ameshavaa koti. "Jicho ni ya hospitali. Twende."

Ndivyo alivyogawa dunia: mgongo ulikuwa wake, vingine vyote vilikuwa vya madaktari. Namshukuru Mungu kwa kosa lile. Zahanati ya kambi ilitutuma Lilongwe, nami nikaenda kuwa mkalimani, kwa sababu Kiingereza changu cha masomo ya jioni kina nguvu kama ng'ombe wa kulima, ingawa nacho hakigeuki vizuri kwenye kona.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye haraka. Alimtazama Noela jicho kwa mashine yake, kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: je, binti ana maumivu mgongoni, hasa asubuhi? Nikatafsiri.

"Muambie tumekuya ju ya jicho," akasema Maestro.

"Mwambie ndiyo," akasema Noela. "Mama, mwambie ndiyo."

Daktari akauliza kama katika familia kuna mtu mwenye tatizo la mgongo. Sijafungua hata mdomo. Maestro alikuwa anataka kumwangalia binti yake, aliyekuwa ameketi ubavuni pake. Basi akaanza ile safari: miguu, kiuno, mabega, polepole, kabati likihama. Daktari akaweka kalamu mezani, akaitazama safari yote mpaka mwisho.

"Usitafsiri hilo," akaniambia. "Nimepata jibu."

Akatueleza kwamba jicho na mgongo ni ugonjwa mmoja. Hapo niliongeza mfano wangu mwenyewe, kwamba ni moto mmoja katika nyumba mbili, na daktari, nilipomrudishia kwa Kiingereza, akasema mfano unafaa. Jicho litapewa matone leo, maana likicheleweshwa linaweza kupotea. Mgongo utapewa vidonge na mazoezi, na kupumzika sana ni marufuku. Alisema mifupa ya Noela bado haijashikana. Ya baba imeshikana, na iliyoshikana haiachani, lakini ya binti wanaweza kuipigania.

Maestro alikuwa anasikiliza kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, kwa uso peke yake.

"Muulize chakula."

Akamhesabia daktari vyote, kuanzia bugali hadi makopo, pamoja na kipimo cha vitabu vya nyimbo. Nilidhani atachekwa. Daktari alisogeza kiti. Akauliza vitabu vile vina unene gani, na kama anapima saa ileile kila siku. Kisha akajibu moja moja. Samaki, endelea. Mboga, endelea. Kutembea na jua la asubuhi, endelea. Manjano kwenye chakula hayana ubaya. Makopo, acha, kwa sababu hakuna anayejua ndani yake kuna nini, na yanaweza kugombana na dawa. Wapo wagonjwa wanaosema wakipunguza wanga wanapata nafuu, naye hawabishii. Lakini hajaona chakula ambacho peke yake kinazuia mifupa isishikane, na binti huyu amekonda mno. Tena vidonge hivi vikikuta tumbo tupu vinalichoma. Lazima ale ashibe.

"Bugali?" Maestro akauliza, kwa sauti ndogo.

"Nsima," daktari akajibu kabla sijatafsiri. "Ndiyo. Ale."

Maestro akasema, "Muulize ni nani alimupa hii ugonjwa."

Mimi, mwenye Kiingereza cha ng'ombe, nilikwama kwenye kona hiyo. Akasema tena, "Muulize, Mama Alto." Nikauliza. Daktari akamwangalia yeye, si mimi. Akasema inaweza kupita kwenye damu, si kwa kila mtoto, na anayempitishia mwenzake hajafanya kosa lolote. Nikatafsiri neno kwa neno, bila mfano.

"Sauti pia nilitoa kwako," Noela akasema, mkono juu ya jicho. "Hiyo hukuiuliza, Papa."

"Muambie zikomo," Maestro akasema, akisahau kwamba hiyo asante ya Kichewa daktari anaijua kuliko mimi.

Tulilala Nsungwi, palepale Lilongwe, kwa ndugu mmoja aliyewahi kuimba nasi besi. Mke wa ndugu alitaka kupika, Maestro akakataa. Akaomba unga, akaomba mwiko, akasimama kwenye jiko la makaa mtu ambaye hakusonga bugali kwa miaka. Kwa kuwa hakuweza kuinamisha kichwa kuangalia sufuria, alisonga akitazama ukuta, na bugali ukatoka na madonge ambayo ungejengea nyumba.

"Papa, iko na mawe," Noela akasema.

"Kula. Dawa haichague."

"Na samaki je?"

"Samaki hujakatazwa. Kula na samaki."

Alirudi nyuma mpaka mlangoni ili aweze kuiona sahani, akabaki amesimama pale mpaka ilipokwisha. Makopo aliyatupa shimoni tuliporudi Dzaleka. Alisema ni haki yao, yanayotibu yote yatatibu na choo.

Tangu hapo nyumba yao ilikuwa na masufuria mawili. Yeye hakurudi kwenye bugali, kwa sababu mgongo wake ulikuwa umempa majibu yake na hakuona sababu ya kuudharau. Binti alikula, akameza vidonge, akajinyosha asubuhi kama alivyofundishwa. Maestro akaingiza kujinyosha kwenye mazoezi ya kwaya, dakika nyingi kabla ya noti ya kwanza, na besi wawili wanene walitishia kuhamia kanisa jingine. Nilimuuliza kama bado anapima. Alisema anapima kitu kimoja tu sasa, dawa ya Noela, na hawezi kuweka cha pili mpaka hiki kijibu. Jicho lilikuwa limepona upesi. Mgongo, alisema, haujasema kitu.

Kisha mimi nikaanza kufundisha wale wa masomo ya jioni, nikawa nakosa mazoezi, na Maestro akawa mtu ninayemsikia kwa mbali, kupitia bati za kanisa.

Mara ya mwisho tulipokutana ilikuwa soko la Dowa Boma, mvua imetoka kunyesha, barabara ni tope la rangi ya chokoleti. Nilikuwa natafuta kabaza, mwendesha baiskeli ya abiria, wa kunirudisha kambini. Nilimwona yeye kwanza, amenyooka katikati ya watu kama mlingoti, na Noela ubavuni na kikapu cha usipa. Sikumwita kwa nyuma. Nilizunguka nikaja mbele.

"Mama Alto! Bamekufukuza shule?"

"Bamenipa likizo. Noela, umenenepa!"

"Bugali, Mama," akacheka.

Tukasimama tukiongea, habari za kwaya, habari za bei ya samaki, habari za Pasta ambaye sasa naye anajinyosha asubuhi na hataki ijulikane. Noela akatazama chini, akasema, "Papa, kamba ya kiatu," akanipa kikapu. Maestro akaendelea kunitazama machoni, kwa sababu shingo yake haikumruhusu kutazama kwingine. Kisha akahisi mikono kwenye kiatu chake.

"Mama Alto. Noela iko anafanya nini?"

"Anakufunga kiatu."

"Amepiga magoti?"

"Hapana."

"Amekaa?"

"Atakaa wapi, kwenye tope?"

"Sema vile iko. Usiongeze, nakujua."

Nikatazama vizuri. "Miguu imenyooka. Amekunjika kiunoni. Mikono yote miwili iko kwenye kiatu chako, na kichwa kiko karibu na magoti yake."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini, Maestro."

Watu walitupita na magunia yao. Mtu alitupigia kengele ya baiskeli tusogee, hatukusogea.

"Tayari, Papa," ikasema sauti kutoka chini.

"Funga na ile ingine."

"Ile haijafunguka."

"Funga tu."